Transiva ya antena tatu: uzoefu wangu baada ya msimu mzima wa theluji

Niliinunua kwa sababu tunapanda milima kwa skii nje ya njia zinazosimamiwa, kule ambako maporomoko ya theluji hayana wa kuyazuia. Kwa asiyeijua, ni kifaa kidogo kinachofungwa kifuani chini ya koti, na muda wote wa safari kinarusha mawimbi ya redio ya kilohezi 457. Mwenzenu akifukiwa, mliobaki juu mnageuza vyenu viwe vya kutafuta, mnayafuata mawimbi yake. Masafa ni hayo hayo kwa kampuni zote, kwa hiyo kundi moja likiwa na chapa tofauti hakuna neno.

Matangazo yanapigia debe umbali, eti inanasa kutoka makumi ya mita. Mimi hilo halinitishi. Kazi iko kwenye mita tatu za mwisho, na hapo ndipo imeniridhisha. Tunafanya mazoezi kwa kufukia transiva ndani ya begi. Mshale wa kwenye skrini haukupeleki moja kwa moja. Unakuzungusha kwenye mkunjo, maana unafuata uga wa sumaku wa kifaa kilichofukiwa unavyojipinda. Namba za umbali zikianza kupanda, ujue umegeuzia mgongo unachokitafuta. Ukishakaribia unapiga magoti, unakishusha kifaa hadi kwenye theluji yenyewe na kukisogeza polepole bila kukigeuza upande: mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, mpaka upate namba ndogo kuliko zote. Hii yangu inabadilisha namba papo hapo. Rafiki yangu ana ya zamani ya antena moja. Anaongozwa na mlio tu, sauti anaipunguza kwa mkono, na jasho linamtoka kwenye baridi ile.

Halafu unachoma theluji kwa fito, ile ndefu nyembamba ya kupapasia aliyefukiwa, kuanzia pale pale, ukizunguka kwenda nje kwa hatua za sentimita 25, mpaka igote kitu kinachobonyea.

Lawama ninazo. Kitufe cha kuweka alama, kile cha kuiacha ishara ya kwanza ili utafute ya pili, ni kidogo mno kwa glavu nene, na begi mbili zikifukiwa karibu karibu skrini inababaika. Simu nayo inaivuruga: iweke sentimita 20 mbali ukiwa unarusha, 50 ukiwa unatafuta. Glavu zenye umeme wa kupasha joto zizimwe kabisa. Betri, yangu inakubali za alkalini tu. Za kuchaji zinakidanganya kipimo chake, kinaonyesha zimejaa halafu zinakata ghafla.

Msiinunue peke yake. Bila fito na beleshi la chuma utajua mwenzako yuko wapi na utabaki umesimama juu yake, kwani kuchimba ndiko kunakokula muda mwingi, na dakika kumi za kwanza zikipita uhai unapungua kwa kasi. Wala haikusaidii kuchagua mteremko. Ile ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayomeguka zaidi, na mara nyingi anayeimegua ni yule yule anayefukiwa, au mtu wa kundi lake. Kama hela inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, lipieni mafunzo, transiva mkaazime.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya kile kitufe.