Corolla 110: sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) ipo juu na maji yanapungua, tuanzie wapi?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, sikilizeni huu mlio. Gari limesimama, sijakanyaga mafuta, lakini mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unapanda hadi 1,800, unashuka mpaka 1,000, unapanda tena. Na injini imeshapata moto, ilitakiwa iwe imetulia kwenye 750 au 800 hivi. Hii ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ni 5A-FE, cc 1,498. Hiyo video niliichukua miezi miwili iliyopita. Leo nawaonyesha vitu vilivyolitibu, na vile vilivyokula hela yangu bure.

Ukienda gereji na mlio huu, jibu la kwanza ni "valvu ya sailensi imekufa," yaani ile inayopitisha hewa wakati hujakanyaga mafuta. Nami niliambiwa hivyo. Nikaenda Kariakoo nikanunua ya mtumba, tukafunga, mlio ukabaki palepale. Kumbe huku maji ya rejeta yalikuwa yanapungua kila wiki, na mimi nikichukulia hiyo ni shida nyingine kabisa.

Si nyingine. Injini ikiwa ya baridi, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, hupandisha mzunguko makusudi. Hujua ni baridi kupitia sensa iliyozama kwenye maji, ile ya waya mbili. Ile ya waya mmoja ni ya geji ya dashibodi tu, ndiyo maana geji inaweza kukuonyesha joto la kawaida wakati kontroli boksi inadanganywa. Maji yakipungua, hewa inakaa sehemu za juu. Sensa ikizungukwa na hewa haisomi joto la kweli, kontroli boksi inaamini injini haijapata moto, inaruhusu hewa zaidi na petroli zaidi. Mzunguko ukizidi huku throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) imefungwa, inaona kama unateremka mlima umeachia mafuta, inakata petroli. RPM zikianguka inarudisha. Zinapanda. Inakata tena.

Tazameni na hapa chini ya throtoli bodi: hii mipira miwili midogo inapitisha maji ya injini. Ikiziba kwa kutu au ikijaa hewa, sehemu hii haipati joto inavyotakiwa.

Kipimo ambacho hakihitaji mashine ni hiki. Injini ikiwa ya moto, vua mpira mkubwa wa hewa. Injini hii inapima hewa kwa sensa ya presha, kwa hiyo haitazimika. Ndani ya mdomo wa throtoli kuna tundu dogo la kupeleka hewa kwenye valvu ya sailensi, lizibe kwa kidole. RPM zikishuka, hewa inapita kwenye valvu, sasa tafuta nani anaiamuru ifunguke. Zisiposhuka, kuna mpira umepasuka au gasketi ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) inavuta hewa. Na tafadhali, msikubali fundi aguse skrubu inayozuia throtoli. Akiizungusha, swichi inayoiambia kontroli boksi kwamba umeachia mafuta haifanyi tena kazi sawasawa, na hapo mtatafuta ugonjwa mwaka mzima.

Sensa yenyewe ipimeni kwa multimita: kwenye nyuzi 20 inasoma omu 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 inashuka kati ya 200 na 400. Yangu ilikuwa nzima.

Tulichokuta ni hiki. Nyumba ya themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ilikuwa tupu. Mwenye gari wa kwanza aliitoa, kwa ule usemi wa "themostati ni ya nchi za baridi." Hili linaniumiza, kwa sababu linaua injini nyingi hapa kwetu. Themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, joto ambalo hata Dar es Salaam yenyewe haina. Bila hiyo, injini inachelewa kupata moto na inakunywa petroli. Tena themostati ya injini hii ina kisahani cha nyuma kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na ukipanda mlima mkali kama Kitonga na mzigo gari linaweza kuchemsha. Wakati wa kufunga, kile kipini kinachochezacheza kielekee juu, hewa ipate pa kutokea.

Cha pili ni hii kofia ya rejeta. Ya zamani, angalieni, mpira umekauka na umekatika. Hii mpya imeandikwa 0.9. Presha hiyo inafanya hata maji matupu yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Kofia ikivuja, maji yanatoka kidogokidogo na wewe huoni tone chini ya gari. Kwa bei yake, ndicho kitu nilichopaswa kununua mwanzo.

Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, nimeweka nyekundu, nusu kwa nusu na maji ya betri, yale masafi, siyo asidi. Maji ya kisima ya chumvi acheni, yanakula alumini ya silinda hedi.

Kutoa hewa: injini iwe ya baridi kabisa, kamwe usifungue kofia ikiwa ya moto, utaungua uso. Pua ya gari ikae juu, hita kwenye moto, jaza taratibu, washa, subiri feni iwake na kuzima mara mbili huku unaongeza. Mapovu yakigoma kuisha, na mpira wa juu ukawa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, pimeni gasketi ya hedi kabla hamjanunua kitu kingine chochote.

Sasa naiwasha mbele yenu. Asubuhi ya leo sijaigusa. Inaanza 1,500... tunasubiri... feni hiyo imewaka. Tazameni mshale: 800, na haujatikisika. Chupa ya akiba ina alama ya kalamu niliyoweka wiki tatu zilizopita, na kulanti bado iko kwenye mstari uleule.