Barua za babu kutoka Burma: huduma ya kunakili na kujalidi nyaraka katika duka moja la Mwanza

Mwezi uliopita nilipeleka barua 43 za babu yangu mzaa baba katika duka moja la steshenari lililopo katikati ya Jiji la Mwanza, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Makoroboi, ili ziskaniwe, zichapwe upya na kujalidiwa kuwa kitabu cha familia. Babu alikuwa mchungaji, na kati ya mwaka 1943 na 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alihudumu kama kasisi wa jeshi pamoja na askari wa Tanganyika waliopelekwa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, na baadaye Burma, ambayo leo ni Myanmar. Barua hizo alimwandikia bibi na watoto. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia nyingine za kanda ya ziwa zenye karatasi za wazee wao ndani ya masanduku ya bati, kwa sababu katika kazi ile duka hili lilifanya sehemu moja kwa ustadi ambao sikuutegemea, na sehemu nyingine kwa namna ambayo ingetupotezea barua muhimu kuliko zote kama shangazi yangu asingekuwa hai kuisikiliza.

Nianze na ustadi. Nilipofungua sanduku mezani, mama mwenye duka aliosha mikono na kuikausha kabla ya kugusa chochote, kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kunishauri nizifanyie laminesheni. Nilimwambia kwamba duka la kwanza nililopita lilikuwa tayari kufanya hivyo papo hapo. Alinieleza kwa utulivu kwamba joto la mashine ile huyeyusha plastiki hadi ikashikamana na karatasi, kwamba baada ya hapo ni vigumu sana kwa fundi kuitoa bila kuichana barua, na kwamba unyevu uliokuwa umeingia kwenye karatasi hufungiwa humo humo pamoja na ukungu wake. Kwa mji kama wetu, ambao hewa yake inatoka ziwani mwaka mzima, ushauri huo peke yake ulikuwa na thamani kubwa. Alikataa pia kubandika selotepu kwenye mikunjo iliyoanza kuachana. Alinionyesha barua moja iliyobandikwa na mtu wa kwetu zamani, jinsi gundi ilivyogeuka kahawia na kula maandishi ya penseli, akasema hiyo aiache kama ilivyo, kwa kuwa kuibandua kungeongeza madhara.

Pini zilizoshika kurasa zilikuwa zimeshika kutu. Kijana wake alizitoa moja moja kwa kisu chembamba cha karatasi, akichukua karibu asubuhi nzima, wala hakuonyesha kuchoka. Kuskani kulifanyika kwa skana bapa ya kulaza karatasi na kufunika, si ile inayovuta karatasi kwa magurudumu, na walitumia nukta 600 kwa inchi ili penseli iliyofifia ionekane. Pale ambapo wino ulikuwa umepauka, waliongeza ukolezi wa maandishi kwenye nakala tu, huku wakihifadhi pia picha ambayo haijaguswa. Niliomba kuziona zote mbili kwenye kompyuta na nikaridhika.

Jambo jingine ambalo nisingelifikiria mwenyewe ni bahasha. Nilikuwa nimezitenga bahasha 31 pembeni nikidhani hazina kazi, lakini mama huyo akasisitiza ziskaniwe mbele na nyuma. Alikuwa na haki. Askari na makasisi wao hawakuruhusiwa kutaja mahali walipo, na kila barua ilipita mikononi mwa mkaguzi wa jeshi, aliyekata maneno yasiyoruhusiwa, kabla ya kusafiri. Kwa hiyo ndani ya barua babu anasema tu kwamba yuko ng'ambo, penye mvua isiyokatika na matope ya kufika magotini. Mihuri na namba za posta ya jeshi zilizoko juu ya bahasha ndizo zinazotusaidia kupanga barua zisizo na tarehe, na kutambua ipi iliandikwa kabla ya safari ya baharini na ipi iliandikwa baadaye.

Kwa wasomaji wasiofuatilia historia hiyo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake zilikuwemo batalioni za 26 na 36 kutoka Tanganyika za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari wa Afrika Mashariki, ilipita Bonde la Kabaw katika msimu wa mvua wa mwaka 1944, ikipigana na Wajapani na malaria kwa pamoja, hadi ikafika Kalewa kwenye Mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Kazi ya kasisi huko haikuwa ibada peke yake. Babu aliwazika watu, na jioni aliwaandikia barua askari wasiojua kusoma na kuandika, kisha akawasomea majibu yalipofika. Katika barua zake kwa bibi hakutaja vifo hata mara moja kwa jina. Aliuliza habari za mihogo na ng'ombe, na kama sato na ningu bado wanapatikana kwa wingi mwaloni. (Sangara hatajwi, kwa kuwa samaki huyo aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950.)

Sasa nije kwenye uchapaji, ambao ndio udhaifu wa duka hili. Kazi hiyo walimpa binti mmoja mwenye kasi kubwa, ambaye alimaliza kurasa 96 kwa siku nne. Nilipokea nakala ya kwanza ikiwa safi na yenye kuvutia, nikapanda gari kwenda Magu kumsomea shangazi, ambaye ni mtoto pekee wa babu aliyebaki. Yeye alikuwa mdogo mno wakati wa vita, lakini bibi alikuwa akizisoma barua hizo kila mwaka mbele ya watoto, hivyo shangazi anazijua kama watu wengine wanavyojua zaburi. Sikumaliza ukurasa wa pili kabla hajaniinulia mkono. "Mwanangu, hayo si maneno ya baba," aliniambia.

Tuliweka nakala na barua zenyewe kwenye mkeka, tukaanza kulinganisha. Babu aliandika Kiswahili cha wakati wake na cha kambini, kilichochanganyika na Kisukuma cha nyumbani. Mchapaji alikuwa amekisanifisha. Kila "ntakuja" ilikuwa imegeuzwa kuwa "nitakuja", na "sipitali" ikawa "hospitali". Neno "wabeja", ambalo ndilo shukrani ya Kisukuma aliyofungia nalo karibu kila barua, lilikuwa limeondolewa na mahali pake pakawekwa "asante". Zaidi ya hayo, mahali pote ambapo babu alitaja Nyanza, akimaanisha ziwa, mchapaji alidhani ni kosa la mwandiko na kuandika Mwanza, hata katika ile sentensi ambayo babu anasema kwamba usiku, mvua inapopiga turubai, anajilazimisha kuamini kuwa anasikia Nyanza. Upole wa sentensi hiyo wote uliondoka kwa herufi mbili.

Hayo yaliniudhi, lakini barua ya Machi 1944 ndiyo iliyoniumiza. Ni barua fupi aliyoiandika baada ya kufika Ceylon. Katikati yake kuna dirisha lililokatwa kwa mkasi wa mkaguzi, lenye upana wa mistari mitatu. Kabla ya dirisha babu anamshukuru Mungu kwa kufika salama. Baada yake yamebaki maneno machache tu kuhusu wajane na watoto, yasiyo na mwanzo. Familia yetu imeamini siku zote kwamba mistari iliyokatwa ilihusu meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imebeba askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki, na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives tarehe 12 Februari 1944, ambapo zaidi ya watu 1,200 walipoteza maisha. Mchapaji, kwa kuwa hakuweza kuunganisha maana, aliyaacha yale maneno ya mwisho na kuliziba pengo. Barua ya msiba ikawa barua ya mtu aliyefika salama na kushukuru, basi. Bibi aliliona tundu lile kwa macho yake na kupitisha kidole ndani yake. Mjukuu wa mjukuu wake asingejua kwamba liliwahi kuwepo.

Nilirudi dukani nikiwa na daftari lenye marekebisho zaidi ya 200. Ni haki niseme jinsi nilivyopokewa. Mama mwenye duka hakubishana wala hakutafuta sababu. Alimwita binti, tukakaa watatu, na nikamwelewesha kwamba katika kazi ya namna hii kosa la mwandishi ni sehemu ya barua. Binti alinijibu kwa unyenyekevu, "Samahani mwalimu, nilidhani ninamsaidia mzee." Nilimwelewa, maana kazi zake za kila siku ni barua za maombi ya kazi na taarifa za vikao, ambazo mteja hutarajia azisahihishe. Walirudia uchapaji wote bila malipo ya ziada. Palipokatwa na mkaguzi wameweka mabano ya mraba yenye maelezo ya ukubwa wa pengo, na neno lisilosomeka limewekewa alama badala ya kubuniwa. Marudio hayo yalichukua siku tisa, siku mbili kati yake zikipotea kwa umeme kukatika.

Gharama ilikuwa shilingi 79,000 kwa kuskani pande 158 za kurasa na bahasha, shilingi 144,000 kwa kuchapa, na shilingi 195,000 kwa kuchapisha na kujalidi vitabu vitatu vyenye jalada gumu, jumla shilingi 418,000. Si fedha ndogo kwa mwalimu, na nilichangiwa na ndugu. Jalada limeshonwa kwa uzi, halikubandikwa kwa gundi peke yake, na kitabu kinafunguka na kulala mezani bila kuvunjika mgongo. Picha ya kila barua iko upande wa kushoto na maandishi yaliyochapwa upande wa kulia, mpangilio niliouomba baada ya yale yaliyotokea, ili msomaji asilazimike kumwamini mchapaji.

Mtu atakayepeleka barua huko ahakikishe mambo mawili mapema. Atoe agizo kwa maandishi kwamba herufi zote zinakiliwe kama zilivyo, na asimamie mwenyewe kufutwa kwa mafaili kwenye kompyuta ya duka baada ya kuyapokea, kwa sababu hawakulifanya hilo mpaka nilipoomba. Barua za kasisi zina siri za watu wengine: ndani ya hizi zetu kuna majina ya askari waliomwomba babu aulize kama wake zao bado wanawasubiri, na wajukuu wa askari hao huenda tunapanda nao daladala moja.

Kuskani na kujalidi kwao naupa ubora wa juu bila kusita. Uchapaji ningewapa tena, lakini ningekaa na mchapaji kwa kurasa tano za kwanza.

Barua zenyewe nimezirudisha Magu. Shangazi alizifunga kwa kitambaa cha merikani alichokifua bila sabuni yenye manukato, kama mama mwenye duka alivyoelekeza, akaziweka kwenye sanduku jipya juu ya kabati, mbali na ukuta na mchwa. Kitabu chake hakukiweka sandukuni. Aliniomba nimfungulie barua ya Machi 1944, akaitazama picha ya lile dirisha kwa muda mrefu, kisha akaniambia nianze kusoma, na nilipofika kwenye pengo ninyamaze kidogo kabla ya kuendelea, kama alivyokuwa akifanya bibi.