Soriasisi na baridi ya Mbeya: salisiliki au lami?

Jamani wa Uyole mnaijua baridi ya Juni na Julai, sisi wenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kujitengeneza haraka mno hadi inajaa magamba, ngozi inakauka mpaka magamba ya viwikoni yanapasuka. Mimi nimetumia dawa zote mbili za kupaka, asidi ya salisiliki na lami ya makaa ya mawe, na kazi zao hazifanani kabisa.

Salisiliki inalainisha gamba likang'oka, basi. Ile hali ya ngozi kujitengeneza haraka kupita kiasi haiigusi sana, ila gamba likitoka mafuta mengine yanapenya vizuri. Usijipake mwili mzima maana inaingia kwenye damu, na watoto wadogo wasipakwe kabisa bila daktari, ukizidisha inachoma.

Lami sasa, hii ndo inapunguza kasi ya ngozi kuzaliana na muwasho unatulia, mi usiku nalala. Shida ni harufu, na shuka langu jeupe lilibaki na madoa ya kahawia hayatoki mpaka leo, halafu ukishapaka jua linakuunguza upesi kwa hiyo kama unashinda shambani kwenye viazi paka usiku na mchana ujifunike. Kwenye vidonda vibichi usiweke.

Marekani zote zinauzwa bila cheti cha daktari, salisiliki asilimia 1.8 hadi 3, lami 0.5 hadi 5, kwa hiyo famasi soma asilimia kwanza.

Kichwani mi nachagua shampuu ya lami, viwiko na magoti yenye gamba nene naanza na salisiliki, na mafuta mgando kila nikitoka kuoga.