Omron M7 Intelli IT: kipimo cha presha kinachostahili nafasi nyumbani

Mtu mwenye shinikizo la damu akiniuliza anunue chombo gani cha kufuatilia afya yake nyumbani, humwambia aanze na kipimo cha presha kinachofungwa juu ya kiwiko, kabla hajafikiria saa ya kidijitali au mizani ya bei kubwa. Nyumbani kwetu tunatumia Omron M7 Intelli IT, kwa ajili ya mama yangu aliye kwenye dawa za presha, na kwa ajili yangu pia.

Sifa yake kubwa ni mkanda. Umekakamaa kiasi, hivyo mtu anaweza kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, na unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 42. Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwani mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo, na mgonjwa anaweza kuongezewa dawa asizozihitaji. Kioo huonyesha iwapo mkanda umekaa sawasawa na iwapo mpimwaji ametikisika wakati wa kupima. Mama hahitaji kunisubiri nirudi kutoka kazini ndipo apime, na uhuru huo ameufurahia sana.

Mashine hutunza vipimo 100 kwa kila mmoja wa watumiaji wawili, pamoja na tarehe na saa, kisha huvihamishia kwenye programu ya Omron connect iliyo kwenye simu kwa njia ya Bluetooth. Hapo ndipo thamani yake halisi ilipo, kwa sababu presha hupanda na kushuka mchana kutwa, na namba moja, iwe nzuri au mbaya, haimwambii daktari mengi. Wapo ambao presha yao hupanda mara tu wamwonapo daktari. Wapo pia ambao hospitalini huonekana wazima ilhali nyumbani presha iko juu, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi, maana hakuna anayewashtukia. Grafu ya wiki nzima huyafichua makundi yote mawili. Ikumbukwe tu kwamba wastani wa nyumbani huhesabiwa kuwa wa juu kuanzia 135/85, wakati hospitalini kiwango kinachotumika sana ni 140/90.

Hata hivyo, programu haijui kama umetoka kupanda ngazi au kunywa kahawa. Kabla ya kupima, mtu akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga sakafu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, akiacha dakika moja katikati, kwa siku 7, na siku ya kwanza isihesabiwe kwenye wastani. Asiyefuata utaratibu huu atapata grafu ya kupendeza isiyo na maana yoyote. Kila mtumiaji achague pia nafasi yake kwenye mashine kabla ya kuanza, la sivyo vipimo vya watu wawili vitachanganyika.

Saa zinazodai kupima presha bila mkanda nisingezitegemea kuamua dawa. Mwongozo wa mwaka 2023 wa Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu haukupendekeza vifaa hivyo kwa uchunguzi wala matibabu. Mjamzito naye ahakikishe mashine anayonunua imethibitishwa kwa wajawazito, kwa kuwa si zote zilizopimwa kwao.

M7 hutumia betri 4 za kawaida, na waya wa umeme huuzwa peke yake. Kwa asiye na haja ya simu, kipimo rahisi zaidi cha juu ya kiwiko pamoja na daftari vitamtosha kabisa, mradi jina la mashine hiyo liwemo kwenye orodha ya STRIDE BP ya mashine za presha zilizothibitishwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama mtandaoni kabla ya kulipa.