Duka la vyuma la Langoni lililomalizia kabati la mama

Mama amehamia kwangu mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, tangu mwezi wa Rajabu, goti lilipozidi kumsumbua. Nyumba yetu ni ya kizamani, ya mawe na boriti, na chumba chake kina zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, ukuta mzima. Zidaka ni nzuri kwa vyombo, lakini mtu wa miaka 74 hawezi kupanda kigoda kila asubuhi kutafuta leso. Nikataka kabati lenye rafu za chini. Seremala wa hapa angenitengenezea la mbao, tena zuri, ila ngazi zetu zina kona mbili na hazimpishi zaidi ya mtu mmoja. Kabati zima lisingepanda. Ndipo nikanunua la kuunga mwenyewe katika duka moja la Mombasa. Likaja kwa basi mpaka Mokowe, likavuka kwa boti, punda akalifikisha mlangoni, maboksi mawili.

Usiku ule nikamwaga mfuko wa vyuma juu ya mkeka, nikahesabu. Karatasi ya maelezo inasema vikufuli 16, nilipata 11. Skrubu nene 8, zilikuwamo 6. Vishikio vya rafu 8. Hakuna hata kimoja. Kikufuli ni jina nililokipa mimi kile chuma cha duara kinachozama ndani ya tundu la ubao mmoja. Ubao wa pili una bolti nyembamba yenye shingo na kichwa. Ukikizungusha kikufuli kwa bisibisi kinaing'ata ile shingo na kuivuta, mbao mbili zinabanana. Kikikosekana, ile kona haina kinachoishika.

Niliwaandikia walioniuzia, nikawapigia picha ya karatasi, maana kila kifaa kina herufi yake. Wakajibu wataangalia. Siku ya sita sikungoja tena, nikashuka mtaa wa Langoni.

Maduka ya vyuma hapa kisiwani yapo, lakini mengi yanahudumia ujenzi na majahazi: misumari kwa kilo, kamba, rangi, nati za mashine za boti. Hili ninaloliandikia lina mlango mmoja, kwenye kichochoro kinachotoka barabara ya kati kwenda juu mlimani, na ndilo pekee nililokuta linauza parafujo moja moja na kukuuliza unaipeleka wapi.

Nianze na lililoniudhi. Mara ya kwanza mwenye duka hakuwapo, nikamkuta kijana. Nikamwonyesha skrubu nene, akanipa bolti mbili "sawa na hizi", nikalipa nikaondoka. Nyumbani hazikuingia. Zilikuwa bolti za mashine, meno yake membamba yaliyokaribiana. Yangu ilikuwa na meno mapana ya kuuma ubao. Nikarudi saa saba na nusu mchana, duka limefungwa. Linafungwa adhuhuri na halifunguliwi mpaka saa kumi, na mlangoni hakuna kibao cha kukwambia. Kutoka Mkomani mpaka Langoni kwa jua la saa saba, buibui limekulowa, si mwendo wa kurudia.

Saa kumi na dakika chache nikamkuta Ami, mwenye duka. "Ndoo, mwanangu," yaani njoo, "kaa kitako," akanisogezea stuli. Bolti zile akazichukua, akanirudishia pesa zangu kabla sijamaliza kueleza. Kisha akaniuliza nimekuja na nini. Nilikuwa na kikufuli kimoja, bolti yake, skrubu moja nene na ile karatasi. Akasema umbali wa tundu kutoka ukingoni pia anauhitaji, na unene wa ubao. Nikampigia simu mwanangu apime kwa rula: ubao milimita 16, kutoka ukingoni mpaka katikati ya tundu, milimita 34.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini watu wengi hununua visivyofaa. Akatoa kopo la vikufuli, akaweka viwili juu ya kaunta, kimoja changu na kimoja chake. Kwa macho yangu vilikuwa ndugu: vyote upana wa milimita 15, vyote vina alama ya nyota ya bisibisi. Akavilaza ubavu, akapitisha kalipa, kile kipimio cha unene. Chake kilikuwa kirefu kidogo, cha ubao wa milimita 18. Bolti huingilia katikati ya unene wa ubao, akaniambia, kwa hiyo ubao wa 16 unaipokea milimita 8 kutoka juu, na wa 18 milimita 9. Kikufuli cha 18 ukikitia kwenye ubao wa 16, mdomo wake haukutani sawasawa na kichwa cha bolti. Utazungusha, utalazimisha, mwishowe tundu litamong'onyoka, na chipbodi ikishamong'onyoka haishiki tena, kwa sababu ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi tu. Milimita moja! Angeweza kuniuzia vitano pale pale, nami nisingejua.

Hakuniuzia. Akaingia ndani, akarudi na mkebe wa maziwa umejaa vyuma alivyovifungua kwenye makabati yaliyofura kwa maji na kutupwa. Akachagua kimoja kimoja chini ya taa ya simu, kwa sababu dukani mna giza hata mchana. Vitatu vikakubali kipimo. Viwili akaviagiza Mombasa. Hapa alitaka pesa mbele, na risiti hatoi, anaandika kwenye daftari lake. Mimi ningependa karatasi mkononi. Lakini vilikuja siku ya tatu kama alivyosema, na kimoja kilipoonekana kina ufa alikibadilisha bila kunidai.

Skrubu nene zilikuwapo, milimita 7 kwa 50, zile zinazofungwa kwa alenki, ufunguo wa pembe sita. Nilimuuliza kama nisingeweza kupiga misumari kwenye zile sehemu mbili. Akatikisa kichwa. Msumari ukipigwa ubavuni mwa chipbodi huipasua kati kama mkate, na ukiwahi kushika, hung'oka mlango wa kabati ukianza kufunguliwa kila siku.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni vishikio vya rafu. Hakuwa navyo. Nikadhani ataniagizia vya plastiki. Akaniuliza tundu lina upana gani, nikamwambia milimita 5. Akavuta ufito wa shaba ya njano kutoka nyuma ya mlango, akaubana kwenye jiliwa na kitambaa ili usichubuke, akaanza kukata kwa msumeno wa chuma. Kila kipande sentimita tatu. Unga wa shaba ulimwagika juu ya gazeti kama manjano. Kisha akachukua tupa, akazungushia ncha za kila kimoja mpaka makali yakaisha, akavipitisha kwenye kidole chake mwenyewe kuhakikisha. "Chuma hapa kwetu hula kutu kwa chumvi ya bahari," akasema, "na rafu ya mama yako itawekwa nguo nyeupe." Sehemu ya kipande inazama ubaoni, iliyobaki inabeba rafu. Nimepakia mashuka na mablanketi, haijalegea.

Bei: vikufuli shilingi 30 kila kimoja, vya mkebe na vya Mombasa sawasawa, skrubu 20 kila moja, shaba pamoja na kuikata 250. Jumla shilingi 440, na unalipa kwa M-Pesa au taslimu. Kwa vile vya mkebe naona 30 ni ghali kidogo, maana ni vya zamani. Kwa shaba ningelipa mara mbili.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa tano au baada ya saa kumi, na ukimkuta kijana peke yake, subiri. Kijana ana adabu, ila bado hajajua kupima. Chukua kifaa kimoja kizima cha kila aina, na usiache kupima unene wa ubao, hata kama una haraka.

Ufito ule ulitoa vipande tisa. Ami alikifunga cha tisa kwenye karatasi, akaandika "akiba" kwa kalamu ya risasi. Nimekibandika kwa selotepu nyuma ya mlango wa kabati, pamoja na karatasi ya maelezo.