Ziara za Kikundi kwa Basi Nje ya Nchi: Njia Tano kwa Mkazi wa Nairobi, Kuanzia Bora

Likizo ya Agosti inapokaribia, matangazo ya ziara za kikundi kwa basi huzagaa katika makundi ya WhatsApp ya vyama na makanisa, na mengi hujinadi kwa idadi ya miji au nchi ambazo msafiri atazifikia. Idadi hiyo haimsaidii mnunuzi. Yanayofaa kuulizwa ni matatu: basi litakuwa barabarani kwa saa ngapi za mchana, abiria watapewa muda gani wa kushuka, na fedha zao zitakuwa mikononi mwa nani iwapo mtu atanyimwa viza au kikundi kikose kujaa. Njia tano zifuatazo nimezipanga kwa kufuata maswali hayo, wala si kwa uzuri wa mandhari peke yake, kwa kuwa zote ni nzuri.

Nafasi ya kwanza naipa kusini-magharibi mwa Uganda ikiunganishwa na kaskazini mwa Rwanda. Mkenya mtu mzima huingia nchi zote mbili kwa kitambulisho cha taifa bila viza, hivyo hofu ya kupoteza fedha kwa sababu ya karatasi hupungua sana. Kinachobaki ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Baada ya Mbarara, nchi ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, barabara huanza kupanda, na vilima vilivyolimwa matuta hadi kileleni huziba upeo wa macho. Ziwa Bunyonyi, lenye visiwa 29, liko kilomita chache tu kutoka mjini Kabale. Kutoka hapo lami hujipinda milimani kuelekea Kisoro, mpaka volkano za Muhabura, Mgahinga na Sabinyo zinapojitokeza mbele ya dereva, kisha msafiri huvuka mpaka wa Cyanika na kuteremkia Musanze.

Nafasi hiyo ina sharti lake. Mabasi mengi ya kawaida ya Nairobi kwenda Kampala huondoka jioni na kusafiri usiku kucha, kwa hiyo Bonde la Ufa hupitwa gizani, na abiria huamshwa Busia au Malaba ili wapange foleni ya uhamiaji wakiwa na usingizi machoni. Kampuni inayouhesabu usiku huo kuwa siku ya kwanza ya ziara inakuuzia usiku wa basi kwa bei ya siku ya kutalii. Afadhali mpango unaolaza wageni Kisumu au Jinja, ama unaowapeleka Entebbe kwa ndege na kuanzia basi huko.

Upande wa Rwanda kuna mambo mawili ambayo ratiba nyingi huyaruka. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na shughuli za usafiri hupungua mno hadi karibu saa tano asubuhi. Ratiba inayodai kuondoka Kigali alfajiri ya siku hiyo imeandikwa na mtu asiyeijua njia. La pili ni kwamba Rwanda magari hupita kulia. Basi lililosajiliwa Kenya au Uganda lina mlango upande wa kushoto, yaani abiria wakishushwa kando ya barabara hushukia upande wa katikati, magari yakija. Uliza mapema iwapo kikundi kitabadilishiwa basi mpakani, hasa kama una watoto au wazee.

Ya pili ni Garden Route ya Afrika Kusini. Tangu Januari 1, 2023, wenye pasipoti za kawaida za Kenya huingia huko bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, ingawa cheti cha homa ya manjano bado ni lazima. Njia hii, inayotajwa kwa kawaida kuwa kati ya Mossel Bay na Storms River, inafaa basi kuliko nyingine zote nilizozitaja hapa: barabara kuu ya N2 ni nzuri, milima ya Outeniqua iko upande mmoja na Bahari ya Hindi upande wa pili, na vituo vya kushuka vimekaribiana, kuanzia rasi ya Knysna hadi msitu wa Tsitsikamma na daraja la Bloukrans lenye kimo cha mita 216. Nauli ya ndege ndiyo inayoishusha hadi nafasi ya pili. Angalia pia ziara inaanzia wapi, kwani kutoka Cape Town hadi Mossel Bay ni karibu kilomita 400, na ziara ya siku tatu inayoanzia Cape Town humaliza sehemu kubwa ya muda wake kabla ya kuifikia njia yenyewe.

Uskoti ni ya tatu, na kwa mtu ambaye tayari ana viza ya Uingereza ningeipa nafasi ya kwanza bila kusita. Huko ziara za basi ni biashara iliyokomaa. Sheria humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha kwa saa nne na nusu, na waandaaji wenye akili huzipanga dakika hizo mahali penye mandhari badala ya kituo cha mafuta. Zipo ziara za mabasi makubwa ya viti hamsini na za mabasi madogo ya viti kumi na sita. Chukua dogo hata kama ni ghali zaidi, kwa kuwa watu hamsini hutumia nusu ya kila mapumziko wakishuka, wakipanga foleni ya choo na kuhesabiwa upya.

Ziara ya siku moja kutoka Edinburgh hadi ziwa la Loch Ness na kurudi huchukua takriban saa kumi na mbili, na nyingi kati ya hizo ni za kukaa kitini. Huliona bonde la Glencoe, ambako watu wa ukoo wa MacDonald waliuawa mwaka 1692 na wanajeshi ambao wao wenyewe walikuwa wamewakaribisha majumbani mwao, lakini hulikanyagi ila kwa robo saa. Ziara ya siku tatu inayofika kisiwa cha Skye, kilichounganishwa na bara kwa daraja tangu 1995, inalipa gharama yake vizuri zaidi. Sisi tuliozoea jua linalotua karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima husahau kuuliza habari ya mwanga: mwezi Juni jua la Edinburgh hutua karibu saa nne usiku, ilhali Desemba hutua kabla ya saa kumi jioni, hivyo ziara ya Krismasi inayouzwa kwa bei ya chini huwa imekatwa nusu ya mchana. Kiangazi nacho kina visubi wanaouma bila huruma, basi beba dawa ya kujipaka.

Kaskazini mwa Tanzania nimeiweka ya nne, na najua wengi watanipinga. Sababu ni kwamba hiyo si ziara ya basi hasa. Basi hukufikisha Arusha kupitia Namanga, na pasipoti au hati ya kusafiria inahitajika, lakini kushuka ndani ya kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha takriban mita 600, kunahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta. Kama bei uliyopewa haitaji gari hilo wala kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki, bado hujapewa bei. Anayetaka milima kwa basi kweli aulizie Lushoto, katika Usambara, ambako barabara nyembamba ya kutoka Mombo hupanda kona baada ya kona.

Ya mwisho ni ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa wiki moja kupitia milima ya Alps. Ada ya viza ya Schengen, ile inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa, na bima ya safari lazima igharamie angalau yuro 30,000. Muuzaji akikuambia mnapita Alps mwezi Aprili, mwulize mnapita kwa barabara gani. Njia za juu kama Furka, yenye kimo cha mita 2,429, huwa bado zimefungwa na theluji, na mabasi hupita chini kwa chini. Ndani ya handaki la Gotthard, lenye urefu wa karibu kilomita 17, mandhari ni taa na saruji.

Kwa njia yoyote utakayochagua, omba picha ya basi lenyewe. Vioo vingine hubandikwa matangazo yenye matundu madogo ambayo huonekana safi kutoka nje, lakini ukiwa ndani kila mlima una madoadoa. Safu nyingine huangukia nguzo iliyo kati ya madirisha mawili. Kampuni nzuri huwa na zamu ya viti, kila siku abiria wakisogea safu kadhaa, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Kuhusu malipo, hakikisha kampuni ina leseni hai ya TRA (Tourism Regulatory Authority), mamlaka inayosimamia biashara za utalii nchini Kenya, na ulipe kwa akaunti au nambari ya M-Pesa yenye jina la kampuni, si la mtu binafsi. Mipango ya kulipa kidogo kidogo ni mizuri ikiwa masharti yanataja mambo matatu kwa maandishi: kiasi cha arubuni kisichorudishwa, idadi ya chini ya abiria inayohitajika ili safari ifanyike, na tarehe ambayo kampuni itatangaza kama idadi hiyo imetimia. Tarehe hiyo ikiwa baada ya siku ya kukata tiketi za ndege, omba iletwe mapema, iwe kabla ya siku hiyo, kabla hujatoa shilingi ya kwanza.