Obsidian: penzi linaloacha alama mwilini

Sisi wa Goma, tunaojenga kuta kwa mawe meusi ya volkano yetu, Nyiragongo, hatuwezi kukipita hivi hivi kitabu kilichopewa jina la jiwe la volkano. Ndiyo sababu niliichukua Obsidian, riwaya ya Jennifer L. Armentrout iliyotoka mwaka 2012, ya kwanza katika mfululizo wa Lux wenye vitabu vitano. Niliisoma katika tafsiri ya Kifaransa, kisha nikairudia pamoja na mdogo wangu wa kike, ambaye bado yuko sekondari na ndiye hasa msomaji aliyelengwa.

Msimulizi ni Katy, msichana wa miaka 17 aliyefiwa na baba kwa saratani, ambaye anahama na mama yake kutoka Florida hadi mji mdogo wa West Virginia, Marekani. Mama ni muuguzi, na zamu zinamfanya binti abaki peke yake na vitabu vyake. Anapogonga mlango wa jirani kuuliza njia ya dukani, anafunguliwa na Daemon, kijana mzuri wa sura lakini mwenye kauli za kuudhi. Kumbe Daemon na dada yake Dee ni Luxen, viumbe wa nuru kutoka sayari nyingine waliovaa umbo la binadamu, na wanawindwa na Arum, viumbe wa kivuli wanaotaka kuwanyonya nguvu zao.

Kilichonishika zaidi ni alama. Lori linakaribia kumgonga Katy, naye Daemon analisimamisha kwa nguvu zake. Tangu hapo mwili wa Katy unang'aa mng'ao ambao mwenyewe hauoni, ilhali Arum wanauona. Aliyemwokoa ndiye aliyemweka hatarini, na kila anapomkinga tena humtia alama mpya. Hapo ndipo unaelewa kwa nini Daemon alikuwa akimfukuza: ndugu yake Dawson alimpenda msichana wa kibinadamu, na familia inaamini kwamba penzi hilo ndilo lililomponza. Sijasoma riwaya nyingi za vijana ambamo ugeni wa mpenzi una uzito namna hii, kwa maana katika nyingine ungeweza kumwondoa huyo mgeni wa sayari, ukaweka mvulana yeyote wa mtaa wa pili, na hadithi isibadilike.

Jiwe lenyewe limechaguliwa vizuri. Kisu cha obsidiani ndicho kinachoua Arum, na madini ya kwatzi yaliyomo katika milima ya pale huwaficha Luxen wasionekane. Obsidiani ni kioo kinachotokea lava yenye silika (madini ya mchanga na kioo) nyingi inapopoa haraka. Lava ya Nyiragongo, ile iliyotushukia mwaka 2002 na tena 2021, ina silika kidogo na hutiririka kama uji mwepesi, kwa hiyo tusilitafute jiwe hilo katika mawe yetu. Karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, lipo, na watu wa kale walilichonga kuwa visu kwa sababu ukingo wake una makali ya ajabu. Ningependa mwandishi akae zaidi na jiwe hili kuliko anavyokaa na kifua cha Daemon, anachotuonyesha mara nyingi mno.

Kasoro kubwa ni matusi. Mdogo wangu alifunga kitabu kidole kikiwa ndani ya ukurasa, akaniuliza mimi mkubwa wake: “Yaya, kama anamupenda, mbona anamutukana mbele ya watu?” Ni swali la haki kabisa. Hofu ya kumpoteza Katy inaeleza kwa nini Daemon anajitenga naye, lakini haielezi kwa nini amdhalilishe, na mwandishi anamsamehe upesi kuliko ninavyoweza mimi. Afadhali Katy si wa kuinamisha kichwa, kwani shuleni, wakati wa chakula, anammwagia spageti kichwani, na ukurasa huo tuliusoma mara mbili.

Ningempa kitabu hiki msomaji wa kuanzia miaka 15, na ningekisoma pamoja naye, nikisimama pale Daemon anapovuka mpaka ili tuzungumze. Mdogo wangu ameshaanza kudai cha pili, Onyx, nami nimekubali kumtafutia. Anataka kujua kama Daemon atajifunza kuomba msamaha.